Kabla ya kununua kitabu cha sosholojia ya miji, uliza ni mji gani uliomo ndani yake

Ndugu Mhariri,

Vyuo vinapofungua mwaka mpya wa masomo, wanafunzi wa sosholojia, wa mipango miji na hata wa uandishi wa habari huulizana wanunue kitabu kipi cha sosholojia ya miji. Majibu wanayopata huwa mawili: chukua kinene kuliko vyote, au chukua toleo jipya kuliko yote. Yote mawili hupoteza fedha, na vitabu vya taaluma vinavyoagizwa kutoka nje si vya bei ya mchezo. Naomba nafasi nieleze njia nyingine. Somo hili lina tabia yake. Karibu kila nadharia yake kubwa ilishonwa kwa kipimo cha mji mmoja, kisha ikauzwa kana kwamba inaienea miji yote. Mnunuzi anayejua hilo huanza kwa kuuliza: huu ni mji gani?

Tuanze na Chicago, maana vitabu vya kiada karibu vyote huanzia huko. Mwaka 1925 wanasosholojia Robert Park, Ernest Burgess na Roderick McKenzie walitoa "The City", na humo Burgess akachora maduara yake matano. Katikati ni biashara. Linafuata eneo la mpito, lenye nyumba chakavu za kupanga na wahamiaji waliofika juzi. Kisha nyumba za wafanyakazi wa viwandani, kisha nyumba nzuri zaidi za wenye kipato cha kati, na mwisho vitongoji vya wale wanaoingia mjini asubuhi na kurudi jioni. Mchoro huo unanakiliwa kila mahali. Kinachoachwa nje ni kwamba Chicago ilikuwa na watu wasiofika 5,000 mwaka 1840, na kufikia 1920 ilikuwa na zaidi ya milioni 2.7. Mji uliofura kwa kasi hiyo, kwa reli, machinjio, tramu, na wahamiaji kutoka Poland, Italia na majimbo ya kusini ya Marekani, ndio uliozaa yale maduara. Tena hata huko kwenyewe hayakutimia, kwani Ziwa Michigan huyakata nusu, na Burgess mwenyewe aliuweka mstari wa ufuko kwenye mchoro wake wa pili.

Yalete sasa Dar es Salaam. Bahari nayo inayakata nusu, hapo tumefanana. Lakini Oysterbay na Masaki, mitaa ya wenye nacho, hazikai kwenye duara la nje kabisa. Zipo karibu na kitovu, ufukweni, kwa sababu watawala wa kikoloni waliugawa mji kwa rangi ya ngozi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa makusudi kati ya Uhindini na Kariakoo. Leo mwenye kipato kidogo ndiye anayesogea mbali, Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika na kupita, kwa kuwa huko ndiko kiwanja kinakonunulika. Ule ushindani wa ardhi alioueleza Burgess upo, ila ulikuta mipaka imeshachorwa kwa amri. Kwa hiyo kitabu cha kiada kinachofundisha maduara bila kueleza Chicago ilikuaje, na bila neno juu ya namna ukoloni ulivyoigawa miji ya Afrika, kirudishwe rafuni.

Sisemi Chicago isisomwe. Louis Wirth, naye wa Chicago, alitoa mwaka 1938 makala ya kurasa 24 katika American Journal of Sociology, "Urbanism as a Way of Life". Anasema mji hutambulikana kwa ukubwa, msongamano na mchanganyiko wa watu wasiofanana, na kwamba mambo hayo matatu hubadilisha jinsi watu wanavyohusiana. Kurasa 24 mtu anazimaliza jioni moja, na ni afadhali kuzisoma zenyewe kuliko kusoma muhtasari, maana mihtasari humfanya Wirth aonekane amesema tu kwamba mji unaua undugu. Ukishamsoma, mtafutie wa kubishana naye. Herbert Gans, katika "The Urban Villagers" (1962), alieleza mtaa wa West End mjini Boston, ambako Wamarekani wenye asili ya Italia waliishi kwa jamaa na majirani hadi mtaa wao ulipobomolewa. Na kabla ya Gans, watafiti wa miji ya migodi ya shaba ya Zambia ya leo walikwisha kulitikisa wazo hilo la mji kuua undugu kutoka upande wetu wa dunia. Clyde Mitchell alichapisha mwaka 1956 kijitabu juu ya ngoma ya kalela ya Luanshya. Wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wanaojivunia kabila lao huku wamevaa suti zilizopigwa pasi, wakiwa na "daktari" na "nesi" wao. Kabila mjini, akaonyesha, halikuwa masalia ya kijijini. Lilikuwa namna ya kuwapanga wageni katika mji ambao kila mtu ni mgeni. Mimi ningempa mwanafunzi wa Temeke kijitabu hicho kabla ya kitabu chochote cha kurasa 500.

Ukitoka Chicago unafika Paris. "La question urbaine" cha Manuel Castells kilitoka 1972, na tafsiri yake ya Kiingereza 1977. Hoja yake kuu ni kwamba mji ni mahali pa matumizi ya pamoja ya nyumba, shule, hospitali na usafiri, na kwamba ugomvi wa mjini ni ugomvi na dola, yaani serikali, juu ya huduma hizo. Hilo linaeleweka katika nchi ambayo dola ilijenga maghorofa kwa maelfu pembezoni mwa miji. Dar es Salaam Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini sehemu kubwa ya wakazi wanaishi katika nyumba walizojenga wananchi wenyewe, tofali kwa tofali, wengi katika maeneo yasiyopimwa. Ugomvi wetu huanzia kwingine, kwenye mpaka wa kiwanja, hati, mfereji, na njia iliyozibwa na jirani. Pia mnunuzi ajue kuwa Castells hakubaki pale pale. Katika "The City and the Grassroots" (1983) aliziacha hoja kadhaa za awali na kuzipa harakati za wananchi nafasi kubwa zaidi. Anayenunua cha 1972 peke yake ananunua msimamo ambao mwenyewe aliuhama.

David Harvey, "Social Justice and the City" (1973), anafaa zaidi kwa watu wa mipango miji. Kitabu kina nusu mbili zinazobishana, ya kwanza ya kiliberali, ya pili ya kisoshalisti, na mji wa Baltimore unachungulia humo mara kwa mara. Kinachokosewa ni kusoma nusu ya kwanza tu na kumnukuu Harvey kwa mambo anayoyapinga kurasa mia mbele. Henri Lefebvre, "Le droit à la ville" (1968), yaani haki ya mji, amegeuzwa kaulimbiu ya wanaharakati, lakini ndani ni falsafa tupu. Anayetafuta humo jinsi ya kuzuia bomoabomoa atafunga kitabu bila jibu. Saskia Sassen, "The Global City" (1991, toleo la pili 2001), anazungumzia New York, London na Tokyo. Kama swali lako ni benki na makao ya makampuni, soma. Kama ni machinga, kiache.

Sasa rafu ambayo wachuuzi wa vitabu huiweka nyuma, nayo ndiyo ya kuanzia. Kwa Dar es Salaam, cha zamani chenye thamani ni cha J.A.K. Leslie, "A Survey of Dar es Salaam", kilichochapishwa 1963. Tazameni vizuri tarehe: utafiti wenyewe ni wa katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo kilipotoka, Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala. Kinaeleza nyumba, kodi, kazi, majirani na ndoa za watu wa mjini kwa undani ambao ni nadra kuukuta tena, lakini jicho ni la mtumishi wa serikali ya kikoloni, na baadhi ya hukumu zake juu ya tabia za watu zinanuka ofisi ya bwana shauri. Kisomwe kama ushahidi wa wakati wake. Kisome pamoja na Andrew Burton, "African Underclass" (2005), kinachofuatilia jinsi serikali hiyo ilivyowaona vijana wasio na kazi rasmi kuwa wahuni wa kukamatwa na kurudishwa shamba, toka 1919 hadi 1961. Ukiviweka pamoja, kile Leslie anachokiita tatizo unakiona kwa upande wa pili.

Kwa miaka ya baadaye, Aili Mari Tripp, "Changing the Rules" (1997), ndicho ningekitetea mbele ya yeyote. Utafiti wake ni wa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mshahara wa mwezi ulikuwa haufiki katikati ya mwezi. Vitabu vingi vya kiada huielezea sekta isiyo rasmi kama kimbilio la maskini waliokosa ajira. Wazo hilo lilipata jina kutokana na kazi ya Keith Hart mjini Accra na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Tripp anaonyesha kuwa mwenye ajira naye alikuwa na miradi, kuku uani, maandazi, cherehani, na kwamba serikali ililegeza sheria zake kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzipita. Hiyo ni sosholojia ya miji iliyoanzia mtaani ikapanda hadi kwa waziri.

Nairobi ina "The Comforts of Home" cha Luise White (1990), kuhusu ukahaba katika mji wa kikoloni. Jina huwatisha wanunuzi, lakini humo ndimo utaelewa wanawake walivyopata nyumba katika mtaa wa Pumwani na kuwa wenye nyumba wanaopokea kodi, katika mji uliowataka Waafrika wawe vibarua wanaume wa kupita tu. Kinategemea sana masimulizi ya wanawake wenyewe, na tofauti kati ya malaya (waliopokea wateja chumbani), watembezi (waliowatafuta barabarani) na wa wazi-wazi (waliokaa nje mlangoni) inaelezwa kama tofauti za kazi, gharama na makazi. Kwa kulinganisha miji, Garth Myers ana viwili: "Verandahs of Power" (2003), chenye Nairobi, Lusaka, Zanzibar na Lilongwe, na "African Cities" (2011), kinachozipima nadharia za Ulaya na Marekani kwa kuanzia Lusaka. Cha pili ni chepesi kwa anayeanza. AbdouMaliq Simone, "For the City Yet to Come" (2004), ana macho makali lakini sentensi zake ni nzito na takwimu hana. Asiwe wa kwanza.

Kuhusu takwimu, hapa ndipo vitabu vingi vizuri vinapojikwaa, na msomaji anaweza kuvipima mwenyewe. Chukua Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa ina watu milioni 1, na kitabu kimoja kilinukuu kingine bila mtu kuhesabu. Sensa ya Kenya ya 2009 ikakuta 170,070. Mtu anaweza kubishana na sensa, wapo waliosema iliacha watu, lakini kitabu kilichochapishwa baada ya hapo kikarudia milioni bila hata kutaja ubishi huo kimekueleza jinsi mwandishi anavyofanya kazi. Chukua Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hiyo ni kasi ya takriban asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati kati ya 2002 na 2012 ilikuwa asilimia 5.6. Je, mji umepoa? Tazama jirani: Mkoa wa Pwani ulipanda kutoka watu wapatao milioni 1.1 hadi milioni 2 na ushei katika miaka hiyo hiyo kumi. Mji umevuka mpaka wa mkoa kuelekea Kibaha, Mkuranga na Kisarawe, na waliohamia huko wanahesabiwa kwingine. Nairobi ni hivyo hivyo. Ilifika 4,397,073 mwaka 2019, huku kaunti jirani ya Kiambu ikitoka takriban milioni 1.6 mwaka 2009 hadi milioni 2.4. Kwa hiyo ukifungua kitabu kinachotabiri ukubwa wa mji, tafuta kwanza ni wapi mwandishi aliuwekea mji mpaka wake. Kama hasemi, utabiri wake hauna kazi.

Jinsi ya kukipima kitabu dukani au maktabani, dakika 20 zinatosha. Usianze na utangulizi, kwani utangulizi ni mahali pa kujisifu. Fungua ukurasa wa haki miliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Tofautisha toleo na chapa: toleo jipya lina mabadiliko ndani, chapa mpya ni karatasi mpya tu. Wachapishaji wengi huweka safu ya tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4. Ile ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Toleo la 6 la kitabu cha kiada mara nyingi limeongezewa sura moja au mbili na picha, na bei imepanda. Ukilinganisha yaliyomo na toleo la 4 la mtumba ukakuta sura ni zile zile, nunua la mtumba. Angalia pia kama ni tafsiri, na ya mwaka gani, ili usije ukaandika kwenye insha kwamba Georg Simmel, msosholojia wa Kijerumani, aliandika 1950 wakati makala yake juu ya mji na akili ya mkazi wake ni ya 1903.

Kisha nenda mwisho, kwenye faharasa, ile orodha ya majina na mada pamoja na kurasa zake. Tafuta Lagos, Nairobi, Kairo, Johannesburg. Kama Afrika ina kurasa sita zinazofuatana, zote ndani ya sura moja ya mwisho, ujue imewekwa kama kiraka. Kama majina hayo yametawanyika kitabu kizima, mwandishi ameifikiria.

Halafu tafuta kiambatisho cha mbinu za utafiti, na hapa usiwe na haraka. Kaya ngapi, mitaa gani, walichaguliwaje, aliuliza nani, kwa lugha gani, saa ngapi za siku, mwaka gani. Kosa la kawaida katika utafiti wa miji yetu ni kuchagua nyumba badala ya kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita kwenye ukumbi mmoja inaweza kuwa na kaya sita. Mtafiti akibisha hodi anapokewa na mwenye nyumba au mkewe, anaandika jibu moja, anaondoka. Matokeo yake wapangaji, ambao ndio wengi mle ndani, wanapotea, na kitabu kinatangaza kuwa wakazi wengi ni wenye nyumba. Kosa la pili ni kuuliza mchana wa siku za kazi, ukawakuta akina mama, wazee na wasio na ajira, kisha ukaandika juu ya mtaa mzima. Kiambatisho kinachoeleza mambo haya wazi, hata kikikiri upungufu, kina thamani kuliko sura tatu za nadharia. Kile cha Gans ni mfano mzuri wa kuiga. Na kati ya mwaka wa utafiti na mwaka wa kuchapishwa, tofauti ya miaka 5 hadi 8 ni ya kawaida. Zaidi ya hapo, mwandishi anatakiwa aseme ni nini kimebadilika.

Vitabu vya mkusanyiko wa makala, kama "The City Reader" cha LeGates na Stout au "The Urban Sociology Reader" cha Lin na Mele, vinakupa Burgess, Wirth na wengine ndani ya jalada moja, na kwa mwenye fedha ya kitabu kimoja hilo si dogo. Lakini makala nyingi humo zimefupishwa. Nukta tatu ndani ya mabano ya mraba maana yake kuna kitu kimekatwa, pengine aya, pengine kurasa kumi. Usimlaumu mwandishi kwa kutosema jambo kabla hujaiona makala nzima. Tena "The City Reader" ni cha miji kwa ujumla, kina wasanifu majengo na wapangaji, kwa hiyo si nusu yake itakayoingia kwenye mtihani wa sosholojia.

Jihadharini pia na vitabu vinavyochapwa kimoja kimoja kwa oda, visivyo na mhariri wala faharasa, ambavyo ni makala za intaneti zilizounganishwa au tasnifu iliyowekewa jalada. Tasnifu yenyewe inaweza kuwa nzuri sana kwa data za mtaani, ila mara nyingi iko bure katika hazina ya chuo ilikoandikwa. Usiinunue.

Maktabani, vyuo vikuu vingi hupanga sosholojia ya miji chini ya herufi HT za mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey huiweka 307.76. Msiishie hapo. Mipango miji iko 711, na vitabu kadhaa nilivyovitaja vimelazwa kwenye historia, 967.8 kwa Tanzania na 967.62 kwa Kenya. Mwanafunzi akisimama kwenye rafu moja tu atasema hakuna kitu juu ya Dar es Salaam.

Kwa mwenye fedha ya vitabu viwili: wa sosholojia achukue Tripp na Myers wa 2011, Wirth amsome bure maktabani. Wa mipango miji achukue Harvey na "Verandahs of Power". Mwandishi wa habari achukue "Dar es Salaam: Histories from an Emerging African Metropolis", kilichohaririwa na Brennan, Burton na Lawi na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2007. Sura zake zinasomeka moja moja, na kwa kuwa kilichapishwa hapa hapa nyumbani, ni vyema kukiulizia dukani kabla ya kukiagiza nje.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapisha uhakiki wa kitabu cha taaluma kuhusu miji, mtakeni mhakiki aandike chini ya jina la kitabu mistari mitatu: mji au mitaa iliyotafitiwa, miaka ya utafiti, na idadi ya watu au kaya zilizohojiwa. Kama kitabu hakisemi, basi aandike hakisemi.

Wenu,
Mwalimu wa sosholojia ya miji,
Dar es Salaam